Aliyekata Skrini ya Mkurugenzi

Neno "lenteur", yaani uzito wa mashine, lilikuwa marufuku chumbani mwake. Ukiingia na kusema, "Maman Chef, ordinateur iko na lenteur," alikutazama kama mtu aliyeletewa chai baridi.

"Lenteur haiko ugonjwa," alikuwa akisema. "Ile ni kilio tu. Mutu akifika kwa munganga na kusema 'naumwa', munganga atamupatia dawa gani? Anauliza kwanza: unaumwa wapi? Tangu saa gani? Ni kila siku ao leo tu? Rudia kwa kiti yako, angalia muzuri, kiisha ukuje unielezee."

Wengi wetu hatukurudi. Tulikaa tukaendelea kuumwa kimya kimya.

Tulimwita Maman Chef kwa sababu alikuwa mkuu wa chumba cha ordinateur, yaani kompyuta, katika depo ya madawa pale Bukavu, depo iliyohudumia hospitali za makanisa, kuanzia Kabare hadi Mwenga na Shabunda. Ilikuwa wakati wa Zaïre, Chama kimoja kikiwa bado kinatawala, na mashine kama ile zilikuwa chache mjini kiasi kwamba wageni waliokuja kumwona Mkurugenzi walipitishwa kwanza dirishani kwetu, kama watu wanaoonyeshwa mtoto mchanga. Lilikuwa sanduku la kijivu, refu kuliko kabati, na waya zake zilikwenda kwenye skrini za kila mtu: zetu sisi makarani wa oda, ya ghala, ya mhasibu, na moja ghorofani kwa Mkurugenzi. Kila dawa iliyoingia au kutoka iliandikwa humo. Bila kibali kilichochapwa na mashine ile, mlinzi wa geti hakufungua, hata kwa katoni ya pamba. Hiyo ilikuwa amri ya Mkurugenzi baada ya wizi uliotuaibisha, na Maman Chef mwenyewe aliiunga mkono.

Hakuwa mtu wa kujishusha. Alikuwa amesomea ordinateur Kinshasa, na hakuona haya kulisema. "Mi nilisoma," alimjibu siku moja mhasibu aliyemtania kwamba wanawake wenye diploma hukauka mapema. "Sitaomba pardon juu ya kusoma. Weye omba pardon juu haukumaliza." Alivaa pagne, kitenge kilichofungwa barabara, na juu yake sweta la kiume, kwa kuwa mashine ilitaka ubaridi kuliko watu. Miguuni alivaa viatu bapa. Alisema visigino virefu ni vya mtu asiye na pa kwenda.

Ugomvi ulimfuata, au yeye aliufuata, sijui. Jumamosi moja ya salongo, kazi ya lazima ya umma, tuliitwa kusafisha mifereji ya barabara chini ya Nyawera. Tukiwa tumeanza, mtu wa Chama akaja akiwa amevaa abacost, suti ya wakubwa wa wakati ule, iliyonyooshwa vizuri, akasema wanawake waache majembe, wapange mistari, waimbe na kucheza, maana kuna mgeni anapita. Sote tulianza kujifunga pagne vizuri. Yeye aliendelea kulima.

"Citoyenne, haukusikia?"

"Nilisikia. Mi nilikuja na jembe. Kama munataka nyimbo, mutafute baimbaji."

"Jina yako nani?"

Alilitaja, akalirudia taratibu ili yule bwana asikosee, kisha akauliza, "Na yako?" Yule bwana akaenda kupanga mistari. Mgeni alipita, sisi tukicheza, na nyuma yetu mwanamke mmoja akitupa matope juu ya ukingo wa mfereji. Tulimhofia kwa majuma mengi. Yeye alisema tu kwamba mfereji ule ulipitisha maji mvua iliyofuata, na hilo ndilo tuliloitiwa.

Lakini nisimfanye mtakatifu. Alichukia kungojeshwa, ila misa ya Jumapili aliichelewa kila mara, tena akapita katikati ya kanisa hadi benchi la mbele, watu wakiwa wameinamisha vichwa. Alituambia tusishikilie kitu muda mrefu kuliko lazima, na yeye alishikilia kinyongo kama mtu anayeshikilia shamba la ukoo. Kulikuwa na jirani yake huko Mumosho, alikokuwa na shamba la maharage, aliyemvukia mpaka kwa mistari michache. Aligombana naye mpaka jirani akahama. Baadaye akasikitika kwamba aliyelichukua shamba lile aliliachia magugu. "Yule alikuwa mwizi," aliniambia, "lakini mwizi mwenye kulima muzuri."

Na kwetu sisi makarani alikuwa mkali bila sababu nusu ya wakati. Nje ya chumba kile hakuna aliyethubutu kutugusa mbele yake. Ndani, yeye mwenyewe alitugusa.

Shida yenyewe ilianza polepole. Asubuhi mashine iliruka kama sungura. Kisha katikati ya asubuhi skrini zilikuwa zinaganda, moja moja. Unaandika oda ya hospitali, unabonyeza, na hakuna kinachotokea. Unamwangalia jirani yako, naye anakuangalia. Uani malori yanangoja, madereva wanapiga honi. Kisha ghafla, bila mtu kufanya lolote, kila kitu kinaachiliwa, na printa inalia kama mvua juu ya mabati.

Mkurugenzi alikuwa na jibu lake: mashine ni ndogo, inunuliwe kubwa. Aliwaambia wafadhili hivyo, akawaambia wageni, akatuambia na sisi kwenye kikao. Maman Chef aliinua mkono, akaomba wote washuke chumbani kwake. Tulijazana nyuma ya kioo. Alinyoosha kidole kwenye taa ndogo ya diski.

"Muangalie hii taa. Mashini ikiwa na kazi mingi, inapepesa kama macho ya mulevi. Sasa hivi ba maman bote banasema imekwama. Munaona inapepesa?"

Haikupepesa. Ilikuwa imetulia.

"Basi haikuchoka. Haina kazi yoyote inafanya. Inangoja, sawa na siye. Mukileta ingine kubwa, itangoja bukubwa."

Mkurugenzi alicheka, akaondoka. Lakini mimi nilielewa kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akituambia siku zote. Mtu akifungua hesabu ya dawa ili aibadilishe, mashine inaifunga kwa wengine mpaka amalize, wasije watu wawili wakatoa katoni ile ile. Kufuli hilo ni la lazima. Shida ni kwamba mashine za wakati ule hazikufunga dawa moja tu, zilifunga jedwali zima la akiba. Mmoja akigusa aspirini, aliye kwenye kwinini naye anangoja. Aliyefungua kuangalia tu, kwa skrini ya consultation, hakumzuia mtu. Aliyefungua kwa skrini ya modification, kisha akaacha, alituzuia sote.

Kwa hiyo swali halikuwa kwa nini mashine ni nzito. Swali lilikuwa nani ameshika.

Alianza na sisi. Kulikuwa na ukurasa ambao yeye peke yake aliweza kuufungua, unaoonyesha nani anashikilia na nani anangoja nyuma ya nani. Siku ya kwanza ukurasa ule ulimtaja Nabintu, mwenzangu wa meza ya jirani, aliyekuwa na mtoto mchanga akiletewa getini na dada yake.

"Nabintu, ulienda wapi?"

"Kunyonyesha, Maman."

"Na oda uliacha wazi katikati?"

"Mi nilisema narudi sasa hivi."

Alimkaripia mbele yetu mpaka machozi yakamtoka. Nilimchukia siku ile, na bado naona hakuwa na haki. Angeweza kumwambia pembeni. Lakini kesho yake akaweka sheria: hakuna kusimama kwenye kiti kabla ya kumaliza oda au kuifuta. Na akamwendea Mkurugenzi kudai Nabintu apewe chumba cha kunyonyeshea karibu na meza yake, si getini kwenye vumbi. Akakipata. Hakumwomba Nabintu msamaha, wala Nabintu hakuungoja.

Mambo yakawa mepesi kidogo, si kabisa. Akamgeukia mhasibu, ambaye ripoti yake ilisoma kila kitu kilichowahi kuingia depo tangu siku ya kwanza ili apate jumla ya mwezi mmoja. Aliitengenezea mashine fahirisi, kama ile ya mwisho wa kitabu, ili isome kurasa zinazotakiwa tu. Ripoti ya kungojea mpaka chakula cha mchana ikawa ya kungojea mtu ajikune. Mhasibu aliacha utani wa wanawake kukauka.

Bado katikati ya asubuhi tuliganda. Sasa tulianza kuona kitu ambacho hatukukisema kwa sauti: Mkurugenzi akisafiri Kinshasa, mashine haigandi. Nabintu alimnong'oneza Maman Chef jambo hilo. Nilidhani atafurahi.

"Kubahatisha haiko kujua," alisema. "Jogoo akiwika jua linatoka. Jogoo njo analeta jua?" Akasubiri. Kila mara tulipoganda alifungua ukurasa wake, akafuata foleni: mimi nangoja nyuma ya Nabintu, Nabintu nyuma ya ghala, ghala nyuma ya mhasibu, na mbele ya wote, skrini ya ghorofani. Alipoiona mara nyingi za kumtosha, alipanda ngazi.

Alituhadithia mwenyewe aliporudi. Mkurugenzi hufika, hufungua jedwali la akiba kwa modification, huliacha liwake mezani wakati wa kupokea wageni, ili waone namba. Hafuti, habadilishi. Alimwonyesha skrini ya consultation, yenye namba zile zile.

"Akasema nini?" tuliuliza.

"Akasema consultation ni ya batu badogo. Yeye ni Directeur, yeye anamodifiaka."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Alirudi kwake juu tena, na tena. Kila mara alikubaliwa kwa mdomo, na kesho yake tuliganda.

Kisha kolera, yaani kipindupindu, ikaingia kwenye makambi ya wachimba dhahabu upande wa Mwenga. Muuguzi mmoja alishuka na lori la hospitali yao, akafika asubuhi na mapema, nguo zikiwa na matope hadi magotini. Alitaka serum, maji ya dripu, katoni nyingi kadiri ya lori. Vijana wa ghala walipakia haraka. Kilichobaki ni mimi kuandika oda na printa kutoa kibali.

Niliandika. Nikabonyeza. Ikaganda.

Muuguzi alikaa juu ya kreti mlangoni mwetu. Kila mara alipoinua macho niliinamisha yangu. Maman Chef alimpigia Mkurugenzi simu ya ndani. Katibu wake alisema ana wageni. Akapanda, akazuiwa mlangoni. Akamwendea mlinzi wa geti, naye akasema, "Maman, bila kibali mi nitafukuzwa." Akarudi, akampigia tena. Jua lilikuwa limekwisha kupanda sana wakati Mkurugenzi mwenyewe alipotoka uani kuwasindikiza wageni. Alikuta lori, honi, na watu wamesimama. Wageni wakauliza kuna nini.

"Ni ba maman wa oda," alisema kwa sauti ya kusikika. "Banafanya sabotage. Banaacha mashini wazi na kuenda kuzunguka. Leo leo batatoka. Nitaweka bengine."

Nabintu alishika ukingo wa meza. Mimi niliwafikiria wanangu na ada ya shule. Yule muuguzi alikuwa amesimama.

Maman Chef alirudi chumbani kwake. Kupitia kioo nilimwona ameketi, akavuta sweta lake, akaandika amri moja fupi. Hakuharakisha. Alikata kitu ambacho tulikuwa hatujui kinaweza kukatwa: alimtoa Mkurugenzi ndani ya mashine.

Skrini yangu ikaruka. Ya Nabintu ikaruka. Printa ikaanza kulia, vibali vya asubuhi nzima vikitoka kimoja juu ya kingine. Nilichana cha Mwenga, nikakimbia nacho hadi kwa muuguzi, naye akakimbia nacho hadi getini.

Mkurugenzi alikuwa amepanda na kushuka tena, uso umevimba.

"Nani amekata écran yangu?"

"Ni mimi, Citoyen Directeur."

"Weye? Nani alikupa ruhusa?"

"Bagonjwa ba Mwenga." Alisimama mlangoni mwa chumba chake, mikono chini. "Na hakuna kitu umepoteza. Nilitazama mbele ya kukata. Haukukuwa na kazi yoyote mule. Ulishika tu."

"Unajua unasema na nani?"

"Najua. Njo maana nasema polepole."

"Toka kwa depo yangu!"

"Nitatoka. Lori itangulie."

Akasimama pale pale mpaka lori likapita geti. Mkurugenzi alimwita mlinzi amtoe, na mlinzi, maskini, alikuwa bado ameshika kamba ya geti kwa ajili ya lori, akajifanya hasikii. Lilipopotea kwenye kona, Maman Chef alichukua mkoba wake, akatuambia, "Mumalize oda za Kabare," akaenda.

Kamati ya makanisa, wenye depo, ilimwita. Mimi na Nabintu tuliitwa kama mashahidi. Walikuwa watu wazuri, na walichokitaka ni amani. Mchungaji mmoja mzee alimwambia kwa upole, "Maman, tufanye hivi. Sema ilikuwa panne, mashini iliharibika. Directeur atakubali, na kesho utarudia kwa kazi yako. Hakuna mutu atapata haya."

Nilimwomba kimoyomoyo akubali. Nilimhitaji.

"Haikukuwa panne, Papa Muchungaji," alisema. "Mashini ilifanya vile inapaswa kufanya. Nikisema panne, mutanunua ingine, na mutu ataishika vile vile. Na hawa ba maman batafukuzwa juu ya uongo yangu. Munifukuze mimi juu ya kweli, ni afazali."

"Hauwezi hata kuomba pardon kidogo?"

"Kwa batu ba Mwenga, ndiyo. Nilikata nimechelewa. Juu ya kukata, hapana."

Walimfukuza. Sisi tulibaki, kwa kuwa baada ya maneno yale kamati nzima ilijua nani alikuwa ameshika, na hakuna aliyeweza kututaja tena. Baadaye mashine kubwa ikaja kweli, na kijana mpole kutoka Kinshasa akaja nayo. Ikaganda katikati ya asubuhi. Sote tuliinua macho kuelekea dari. Yule kijana alituuliza tunaangalia nini.

Miaka ikapita, sikumwona. Nilisikia anafundisha katika shule ya parokia huko Kamanyola, bondeni. Mkurugenzi alipokaribia kustaafu, nywele zimekuwa nyeupe na mkono mmoja unatetemeka, aliniita ofisini. Alisema mambo ya zamani hayafai kubebwa. Alisema, "Wende umwambie nimemusamehe. Kama anataka, arudi atengeneze ile mashini."

Nilishuka milima ya Ngomo kwa lori, nikiwa nimefumba macho kwenye kila kona. Kamanyola joto lilinipokea kama mlango wa tanuri. Nilimkuta darasani, bila sweta, kichwa kimeingia mvi, akifundisha wasichana wakubwa. Hapakuwa na ordinateur hata moja. Kila msichana alikuwa na kipande cha katoni kilichochorwa kibodi kwa wino, na vidole vilikuwa vinapiga.

"Kaa pale nyuma," aliniambia. "Tuko kwa somo."

Nilikaa kwenye benchi na wasichana, mimi mama mzima, mpaka alipomaliza. Ndipo akaja akaketi mbele yangu, akanishika mikono yote miwili. Nikampa ujumbe wa Mkurugenzi kama nilivyopewa. Wasichana walikuwa hawajatoka, walikuwa wanasikiliza. Aliniuliza kitu kingine.

"Serum ilifika Mwenga?"

Nilishtuka. Habari zilitufikia kamati ikiwa imekwisha kumfukuza, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemtafuta kumwambia.

"Ilifika, Maman. Lori ilinasa kwa matope huko Burhale, batu bakabeba makatoni kwa kichwa mpaka ikavuka. Yule infirmier alirudi kiisha, akakuulizia sana. Alisema bengi balisimama."

"Bengi."

"Bengi. Haiko bote."

"Bale balikufa," aliuliza, "balikufa mbele ya lori kufika, ao kiisha?"

Nilitamani kudanganya, lakini si mbele ya uso ule. "Mbele. Alisema lori ilifika jua likizama. Bao balikufa muchana."

"Muchana," alisema.

Aliachia mikono yangu. Alichukua kipande cha katoni kilichokuwa benchini, akakifuta kwa kiganja. Nilidhani atalia. Aliposimama, sauti yake ilikuwa ile ile iliyosikika uani.

"Na yeye njo anasamehe mimi?" Akageuka kidogo, ili na wasichana wasikie. "Mwambie apande lori, afike Mwenga. Aulize majina ya bale ba muchana. Akiisha kuyajua yote, akuje hapa na miguu yake, anitajie. Siku ile tutaongea."